Seli ikijeruhiwa: Jinsi ugonjwa unavyoanza na mahali unapoweza kukatizwa

MNAMO Aprili 2004, maafisa wa afya katika wilaya za Makueni na Kitui walianza kupokea wagonjwa wenye dalili zilizofanana mno: macho na ngozi kugeuka manjano, tumbo kujaa maji, kutapika na kuishiwa nguvu. Kufikia wakati mkurupuko huo ulipodhibitiwa, visa 317 vilikuwa vimenakiliwa na watu 125 walikuwa wamefariki. Hapakuwa na virusi vipya wala bakteria ya ajabu. Chanzo kilikuwa chakula cha kila siku, yaani mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu, yakahifadhiwa ndani ya nyumba na kuota kuvu.

Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo siku hizi wengi huiita sumukuvu. Sumu hiyo hiyo, ikiliwa kwa wingi katika muda mfupi, huangamiza ini kwa majuma machache. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huzaa saratani. Anayetaka kufahamu jinsi maradhi yanavyoanza mwilini hahitaji mfano mwingine ulio bora kuliko huu, maana ndani yake mna karibu kila jambo ambalo wanafunzi wa udaktari hufundishwa katika mwaka wao wa kwanza wa kusoma magonjwa: jeraha la seli, kifo cha seli, saratani, na kinga.

Fikra kwamba ugonjwa huanzia kwenye seli si ya kale sana. Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu waliamini kwamba mtu huugua pale vimiminika vya mwili vinapokosa ulinganifu. Ni Rudolf Virchow, tabibu Mjerumani, aliyechapisha mihadhara yake mjini Berlin mwaka wa 1858 na kushikilia kwamba kila seli hutokana na seli nyingine, na kwamba ugonjwa, hata uwe mkubwa namna gani, ni badiliko lililotokea katika seli. Hadi leo daktari anayekata kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa na kukipeleka maabara hufuata wazo hilo.

Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli trilioni 37. Kila moja imezungukwa na utando unaochagua kinachoingia na kinachotoka. Katikati mna kiini kinachohifadhi jeni, yaani maagizo ya urithi. Kandokando mna mitokondria, vijiko vidogo ambamo chakula huchomwa kwa oksijeni ili kupata nishati. Ukiyakumbuka mambo hayo matatu, utando, kiini na jiko, utaelewa mengi ya yanayofuata.

Seli haiugui kwa pigo la kwanza

Seli ikibanwa, kwanza hujaribu kuzoea. Mtu aliyevunjika mguu akafungwa plasta kwa majuma sita huona mguu umekonda plasta inapoondolewa. Misuli haikuwa na kazi, ikapunguza ukubwa wake. Kinyume chake ni moyo wa mtu mwenye shinikizo la damu. Kwa kuwa unasukuma damu dhidi ya upinzani mkubwa, seli zake hunenepa na kuta zake huwa nene. Kwa muda unono huo humsaidia. Baadaye humdhuru, maana moyo mnene huhitaji damu nyingi kuliko mishipa yake inavyoweza kuuletea.

Kwa mvutaji sigara mambo ni tofauti kidogo. Njia zake za hewa zimefunikwa na seli zenye vinyweleo vinavyofagia vumbi na makohozi. Moshi ukizichoma kila siku, mwili huziondoa na kuweka mahali pake seli bapa zinazostahimili moshi, lakini zisizoweza kufagia. Ndiyo sababu mvutaji hukohoa asubuhi. Hana tena wafagiaji. Akiacha sigara, badiliko hilo laweza kurudi nyuma. Akiendelea, katika seli hizo ngeni ndimo saratani ya mapafu huweza kuchipuka.

Ini nalo lina njia yake. Mtu anayekunywa pombe nyingi hulirundikia mafuta. Hatua hiyo haina maumivu na hubadilika mtu anapoacha kunywa. Asipoacha, makovu huanza kujitokeza, na ini likishajaa makovu ni vigumu mno kulirejesha katika hali yake ya awali.

Pale uvumilivu unapokwisha

Yapo mambo mengi yanayoijeruhi seli: kukosa oksijeni, sumu, vijidudu, joto kali, mionzi, ukosefu wa lishe, na hata askari wa mwili wenyewe wanaposhambulia wasiyepaswa kumshambulia. Njia ambazo seli hufuata kuelekea kaburini, hata hivyo, ni chache.

Tuchukue ukosefu wa oksijeni. Jiko la seli likizimika, nishati hupungua. Pampu zilizo kwenye utando, ambazo kazi yake ni kuitoa sodiamu nje, husimama. Sodiamu hubaki ndani, maji huifuata, na seli huvimba. Hadi hapo seli yaweza kuokolewa. Oksijeni ikirudi, pampu huanza tena na uvimbe hushuka. Lakini hali ikizidi, kalsiamu nayo huingia kwa wingi na kuviamsha vimeng'enya vinavyoanza kuitafuna seli kutoka ndani. Utando hupasuka. Hapo hapana tena kurudi.

Muda wa kufika hapo hutofautiana. Seli za ubongo zisizopata damu huanza kufa baada ya dakika chache tu. Za moyo huweza kuvumilia kati ya dakika 20 na 40. Hii ndiyo maana madaktari huhimiza mtu mwenye maumivu makali ya kifua afikishwe hospitalini mara moja badala ya kusubiri kukuche.

Utando unapopasuka, vilivyokuwa ndani humwagika katika damu, na huo ndio msingi wa vipimo vingi ambavyo wagonjwa hulipia bila kuelezwa maana yake. Daktari akiagiza kipimo cha ini, maabara hutafuta vimeng'enya ambavyo makao yake ni ndani ya seli za ini. Vikionekana kwa wingi katika damu, basi ipo mahali nyumba imebomoka. Kipimo cha mshtuko wa moyo kinafuata kanuni hiyo hiyo, ila kinachotafutwa ni protini ya misuli ya moyo iitwayo troponini.

Sumu nyingine hulizima jiko hata kama oksijeni ipo tele. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli yenyewe si kali sana. Ni ini linalojaribu kuivunja, kwa nia njema tukipenda kusema hivyo, na kuigeuza kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo huingia katika mitokondria na kuzizuia kutumia oksijeni. Seli za neva ya jicho, ambazo zinahitaji nishati nyingi mno, huwa miongoni mwa za kwanza kufa. Mnywaji hupumua vizuri ilhali seli zake zinakosa pumzi.

Vifo viwili tofauti

Kifo tulichoeleza, cha kuvimba na kupasuka, kinaitwa nekrosisi. Ni kifo cha vurugu: vilivyomwagika huwasha uvimbe, joto na maumivu katika seli jirani. Kipo kifo kingine cha utaratibu, ambacho seli hujitekelezea yenyewe inapogundua kwamba imezeeka, haihitajiki, au jeni zake zimeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Hujikunja, hujikatakata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli jirani huvimeza bila kelele.

Mwaka wa 1972, wanasayansi John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa kifo hiki jina la apoptosisi, neno la Kigiriki la kudondoka kwa majani kutoka mtini, ambalo walipendekezewa na profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen. Ni nadra wanasayansi kwenda kwa mtu wa lugha kutafuta neno. Laiti wanaotunga istilahi zetu za Kiswahili wangefanya vivyo mara nyingi zaidi.

Vidole vya binadamu vimetengana kwa sababu seli zilizokuwa kati yake alipokuwa tumboni mwa mamaye zilikufa kifo hiki. Na saratani, kwa sehemu kubwa, ni habari za seli zilizokataa kufa.

Sumu moja, njia mbili

Sasa turejee kwenye mahindi. Aflatoksini ilijulikana mwaka wa 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa ugonjwa usioeleweka. Uchunguzi uliongoza hadi kwenye lishe ya karanga iliyoagizwa kutoka Brazil, iliyokuwa imeota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Jina la sumu lilitokana na jina la kuvu hiyo.

Kama ilivyo kwa methanoli, sumu hii nayo hunolewa makali na ini lenyewe. Seli za ini huigeuza ili iweze kutolewa mwilini, na katika kufanya hivyo hutokeza kemikali inayoshika chochote iliyo karibu nacho. Ikiwa nyingi, hushika protini na kuvuruga kazi zote za seli hadi ini linakufa sehemu kwa sehemu. Haya ndiyo yaliyowapata wakazi wa Makueni na Kitui. Kati ya sampuli 350 za mahindi na unga zilizochukuliwa katika masoko ya eneo hilo mwaka ule, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu iliyozidi kiwango cha wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000.

Ikiwa kidogo, haiui seli. Huenda hadi kwenye kiini na kujibandika kwenye jeni. Seli inapogawanyika kabla ya kurekebisha kasoro hiyo, herufi moja ya maagizo hunakiliwa vibaya. Mwaka wa 1991 makundi mawili ya watafiti, yaliyochunguza wagonjwa wa saratani ya ini kutoka Uchina na kusini mwa Afrika, yaligundua kosa lile lile mahali pale pale: katika jeni iitwayo p53, kituo cha 249. Ni kana kwamba mwizi aliacha alama za vidole.

Jeni hiyo ni muhimu kupita kiasi. Kazi yake ni kukagua uharibifu katika jeni nyingine. Ikiuona, huisimamisha seli isigawanyike hadi irekebishwe, au huiamuru ife ile apoptosisi tuliyoitaja. Imekutwa ikiwa imeharibika katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu. Askari huyu akishaondolewa lindoni, makosa mengine hupita bila kukaguliwa. Ndipo seli moja hupata, mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, uwezo wa kugawanyika bila kuamriwa, kupuuza amri ya kufa, kujivutia mishipa ya damu, na hatimaye kuhamia viungo vingine.

Neno lenyewe, saratani, ni Kiarabu cha kaa, yule wa baharini. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa jinsi mishipa iliyovimba ilivyotambaa kutoka kwenye uvimbe mithili ya miguu yake. Wanaosema kansa na wanaosema saratani wanamtaja mnyama mmoja.

Uvimbe wenye upana wa sentimita moja huwa tayari na seli zipatazo bilioni moja. Hii ina maana kwamba ugonjwa unaoitwa mpya siku unapogunduliwa huenda ulianza miaka mingi nyuma, na ndiyo hoja kubwa inayotetea uchunguzi wa mapema.

Sumukuvu ina mwenzake. Virusi vya homa ya ini aina B hujeruhi ini mfululizo. Seli zinakufa, nyingine zinagawanyika kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea. Utafiti uliofanywa mjini Shanghai na kutangazwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba aliyekula aflatoksini pekee alikuwa na hatari ya saratani ya ini ya zaidi ya mara tatu kuliko asiyeila, mwenye virusi pekee mara saba, lakini mwenye vyote viwili karibu mara 60. Haya si mambo ya kujumlisha, ni ya kuzidisha. Hata katika mkurupuko wa 2004, virusi hivyo vilipatikana zaidi kwa waliougua kuliko kwa majirani zao waliosalimika.

Msongo wa mawazo una hatia gani?

Ni desturi kwetu kuulaumu msongo wa mawazo kwa kila ugonjwa usio na maelezo. Hapa inafaa kutenganisha yaliyothibitishwa na yanayosemwa.

Mwaka wa 1936, Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi mjini Montreal, Canada, aliandika kwamba panya waliotiwa kwenye baridi, waliojeruhiwa, waliochoshwa au kupewa dawa kali walionyesha mabadiliko yale yale: tezi zilizo juu ya figo ziliongezeka ukubwa, viungo vya kinga vilisinyaa, na tumbo likapata vidonda. Adha zilikuwa tofauti, jibu la mwili likawa moja. Kiswahili kimetumia kitenzi cha kusonga kulitaja jambo hili, kitenzi kile kile cha mpishi wa ugali, na sidhani kuna lugha iliyolitaja vyema zaidi.

Tezi hizo hutoa adrenalini na kortisoli. Kwa dakika chache homoni hizi ni mkombozi: moyo huenda mbio, sukari hupanda katika damu, misuli huwa tayari kukimbia. Tatizo hutokea pale adui asipoondoka, mathalani deni, ndoa yenye vita au kazi isiyo na uhakika. Kortisoli inayobaki juu kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na sukari, na hudhoofisha kinga. Mwaka wa 1991 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuwatia watu 394 wenye afya matone ya virusi vya mafua puani. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi, ndivyo alivyoelekea zaidi kuugua.

Vidonda vya tumbo, hata hivyo, ambavyo kila mtaa husema vinaletwa na mawazo, vingi husababishwa na bakteria iitwayo Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walituzwa Nobel mwaka wa 2005 kwa ugunduzi huo, na vidonda vya namna hiyo hutibiwa kwa viuavijasumu. Kumwambia mgonjwa apunguze mawazo bila kumpima ni kumnyima tiba.

Kuhusu saratani, ushahidi kwamba msongo wenyewe huianzisha ni hafifu. Kinachojulikana ni kwamba aliyesongwa huvuta sigara zaidi, hunywa zaidi, hulala kidogo na huahirisha kwenda hospitalini. Mgonjwa wa saratani hapaswi kubebeshwa lawama kwamba alijiletea ugonjwa kwa huzuni yake.

Pa kukatiza

Wataalamu huigawa kinga katika ngazi tatu: kuzuia jeraha lisitokee, kuligundua mapema kabla ya dalili, na kupunguza madhara kwa aliyekwisha kuugua. Ngazi ya tatu ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo huchangiwa pesa katika harambee. Za kwanza mbili hazina harambee.

Chanjo ya homa ya ini aina B ni mfano wa ngazi ya kwanza. Kisiwa cha Taiwan kilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka wa 1984, na katika muda wa miaka kumi kiwango cha saratani ya ini miongoni mwa watoto wa umri wa miaka 6 hadi 14 kilipungua kwa karibu nusu. Kenya iliiingiza katika chanjo za watoto mwishoni mwa 2001, nayo hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14. Umri huo haukuchaguliwa ovyo. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa asilimia 90 kubaki na virusi maishani, ilhali kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Wakenya waliozaliwa kabla ya mpango huo hawakuchanjwa utotoni. Wanaweza kupimwa damu na, wasipokuwa na virusi, wakachanjwa.

Kwa saratani ya mlango wa uzazi, chanjo ya virusi vya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana wa umri wa miaka 10 kote nchini Oktoba 2019. Ngazi ya pili hapa ni nafuu ajabu: mhudumu hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa uzazi, na sehemu zenye seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Seli hizo huchukua aghalabu miaka kumi au zaidi kabla ya kuwa saratani, na zinaweza kuondolewa kwenye kliniki bila upasuaji mkubwa.

Kuhusu mahindi, kiwango kinachoruhusiwa nchini sasa ni sehemu 10 za aflatoksini kwa bilioni. Kuvu ikishaota, moto wa jikoni hauisaidii familia, kwa kuwa sumu hii hustahimili joto la kuchemsha. Ugali ulioiva sawasawa unaweza kuwa nayo, wala haina ladha. Kazi yote lazima ifanywe kabla. Shambani, wakulima wa maeneo makavu wanaweza kumwaga Aflasafe KE01, iliyoidhinishwa mwaka wa 2015, ambayo ni kuvu ya jamii ile ile isiyotoa sumu. Huwahi nafasi na kuizuia ile mbaya. Baada ya kuvuna, mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kisha yawekwe juu ya mbao mbali na ukuta au katika magunia yasiyopitisha hewa.

Asiye na kipima unyevu atie punje katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, aitikise kwa dakika kadhaa na kuiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka.

Kuchambua na kutupa punje zilizovunjika au kubadilika rangi hupunguza sumu. Kukoboa mahindi, kama wafanyavyo Wakamba wanapoandaa muthokoi, huondoa sehemu kubwa ya sumu pamoja na ganda, ingawa haiimalizi. Na punje zilizotupwa zisipewe ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa ikiwa na umbo lililobadilika kidogo tu, wala zisitengenezewe busaa, kwa maana uchachushaji hauiondoi yote.